Maana ya Nne Ambayo Babu Hakunirithisha

Ningependa kunyamaza, lakini dereva hakuninyamazia. Tangu juzi usiku habari yangu imeshafika stendi ya Tukuyu, imepanda gari hadi Mbeya mjini, na jana mchana shemeji yangu aliyeko Uyole alinipigia simu, akanisalimia vizuri, akauliza hali ya mvua, kisha akakata kwa sababu kicheko kilimzidi nguvu. Kwa maelezo ya dereva, nilimtongoza bibi wa watu mbele ya mumewe, tena nikamtajia na saa. Kwa maelezo ya wauza parachichi, nilipigwa kofi. Hakuna kofi lililopigwa. Saa niliitaja, hilo sikatai, lakini mengine yote naomba niyaeleze mwenyewe, kwa utaratibu, kabla kidonda hakijakauka na kabla ninyi wafuasi wangu hamjamaliza kunitumia picha za vitanda vya watoto wachanga. Nimeziona zote. Aliyetuma ile yenye chandarua, Mungu anamwona.

Wengi wenu mnanifahamu kwa yale masomo mafupi ya Kiingereza ninayoyaandika kila Jumatatu, na mnafahamu pia kwamba nakaa mapokezi katika nyumba ya wageni ya mama yangu mdogo hapa Tukuyu. Mliokuwapo mwezi wa tatu mtakumbuka kwamba niliwafundisha msemo wa "knock up", nikawaambia kwamba ni msemo wa watu waliostaarabika, na nikawahimiza muutumie kazini bila woga. Somo hilo nimelifuta. Lakini yule dada wa Makambako aliyeandika kwamba angeutumia kwa meneja wake kesho yake asubuhi, namsihi aniandikie faragha, hata iwe usiku wa manane, kwa maana silali.

Msemo wenyewe niliurithi kwa babu. Katika miaka ya 1950, kabla ya uhuru, babu alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza mmoja mwenye shamba la chai huku huku Rungwe, na Kiingereza chake chote alikiokota katika nyumba ile, kati ya jikoni, mlango wa chumba cha kulala na uwanja wa tenisi. Kila jioni, bwana yule alipokuwa akienda kulala, alimwambia "knock me up at five", na ilipotimu saa kumi na moja alfajiri babu alisimama mlangoni na birika la chai, akagonga mpaka akajibiwa. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, kumwamsha mtu kwa kumgongea mlango. Wageni walipofika bila taarifa, mke wa bwana aliingia jikoni na kumwagiza kwa maneno hayo hayo atengeneze chakula cha upesi upesi kwa vilivyopo, mayai mawili, kiazi, na mabaki ya nyama ya mchana, na hiyo ikawa maana ya pili. Siku ya Jumamosi, walipokutana kucheza tenisi, zile dakika za mwanzo za kurushiana mpira ili viungo vipate moto kabla ya kuanza kuhesabu nazo ziliitwa jina hilo, na babu, ambaye kazi yake ilikuwa kuokota mipira kwenye majani ya chai, akapata maana ya tatu. Maana zote tatu zilikuwa safi, za kusemwa hata mbele ya mchungaji. Alinifundisha zote akigonga mguu wa kiti kwa bakora yake, na alipofariki nilijiona mrithi wa hazina. Sikujua kwamba hazina ile ilikuwa na chumba cha uani.

Sasa tuje juzi jioni.

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa namna ambayo wenyeji wa Rungwe hawaisikii tena, na ukumbi wa chakula ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Kwenye meza ya dirishani walikaa mume na mke kutoka Marekani, wastaafu wote wawili, mke akiwa na miaka 68 kwa mujibu wa pasipoti niliyoinakili kwa mkono wangu mwenyewe. Meza ya pili alikaa mzee wa Kiingereza, mtaalamu wa chai aliyestaafu, ambaye tulikuwa naye tangu Jumatatu na ambaye Kiingereza chake kingeweza kukaa kikao kimoja na cha babu bila mkalimani. Katikati walikuwepo maofisa ugani wanne kutoka Mbozi waliokuja kwenye semina ya ng'ombe wa maziwa. Mama mdogo alikuwa akipita na sinia la ndizi za nyama, na mlangoni, akingoja chupa ya chai ya kwenda nayo kulala, alisimama dereva wa wale Wamarekani, kijana wa Iringa ambaye amewachukua watalii wa Ruaha kwa miaka mingi na kusikia Kiingereza cha kila taifa. Zingatieni kwamba alikuwa mlangoni. Angekuwa jikoni, leo ningekuwa mtu.

Wageni wale walitaka kufika Ziwa Ngozi mapema, kabla ukungu haujashuka ndani ya kreta na kulificha lile ziwa, kisha washuke Kyela hadi Matema siku hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba walipaswa kuamka saa kumi na moja alfajiri, na nilimsikia bibi akimwambia mumewe kwamba simu yake imeisha chaji na umeme umekatika. Ndugu zangu, hapo nilisikia sauti ya babu ikiniita kazini. Nilinyoosha sweta. Nilikohoa kidogo, kikohozi cha mapokezi, si cha ugonjwa. Nikatembea hadi mezani kwao kwa hatua za mtu anayekwenda kupokea cheti, nikaweka mikono nyuma, nikainama kiasi, na kwa sauti iliyokusudiwa kusikika hadi kwa maofisa ugani, ili nao wajue kwamba Tukuyu kuna watu, nikamwambia asiwe na wasiwasi wowote kuhusu simu, kwa sababu mimi binafsi, "I will knock you up at five".

Bibi alikuwa anachota asali kwa kijiko ili aipake kwenye mkate. Kijiko kilisimama hewani. Naiona hadi sasa ile asali, jinsi ilivyojikusanya kwenye ncha ya kijiko, ikavimba, ikarefuka taratibu kuwa uzi, uzi ukakonda, na tone likaangukia kitambaa cha meza, na wakati wote huo hakuna mtu aliyepumua. Mume alishusha miwani hadi kwenye ncha ya pua. Alinitazama mimi, akamtazama mkewe, akanitazama tena kuanzia viatu kwenda juu, kama mtu anayekadiria uzito wa gunia la viazi.

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nina bahati mbaya ya kuwa mwalimu. Nilipoona ule ukimya, nilihitimisha kwamba mgeni hakusikia vizuri kwa sababu ya mvua, na kanuni yangu, ambayo mmeisoma Jumatatu nyingi, ni kwamba asiyeelewa hurudiwa polepole na kwa sauti ya juu zaidi. Nikarudia polepole. Kwa sauti ya juu zaidi. Kisha nikaongeza maelezo, yote kwa Kiingereza ambacho nilikuwa nakionea fahari kadiri kilivyokuwa kinanitoka.

Nilimwambia kwamba huduma hiyo ni ya bure. Nilimwambia kwamba namfanyia kila mgeni anayehitaji, wa kike kwa wa kiume, bila ubaguzi. Mume akauliza, kwa sauti ya chini ambayo niliitafsiri vibaya kuwa ni ya unyenyekevu, na yeye je? Nikamjibu kwa ukarimu kwamba naye pia, wakati ule ule, maana wanalala chumba kimoja na itakuwa kazi moja. Nilieleza kwamba wiki iliyopita tulikuwa na Wajerumani 11 ambao niliwamaliza wote asubuhi moja, nikisaidiwa na mlinzi. Nilieleza utaratibu, kwamba naanza taratibu, na nikiona kimya naongeza nguvu, na siondoki mpaka nimesikia sauti kutoka ndani. Na kwa kuwa mtu hawezi kupanda Ngozi na njaa, nilimhakikishia kwamba nikishamaliza nitaingia jikoni na ku-"knock up" mayai, ili asafiri ameshiba.

Hapo ndipo mzee wa Kiingereza, ambaye hadi wakati huo alikuwa anasoma gazeti la juzi, aliinua kichwa ili kunisaidia. Simlaumu. Alikuwa anatoa ushuhuda kama muungwana. Aliwageukia wale Wamarekani na kuwaambia, kwa utulivu wa mtu anayesifia mvua ya vuli, kwamba wanaweza kuniamini kabisa, kwa sababu mimi nime-"knock up" yeye mwenyewe kila asubuhi tangu Jumatatu na sijawahi kuchelewa hata dakika moja.

Nikamshukuru. Nikaweka mkono kifuani nikainamisha kichwa.

Mlangoni chupa ya chai ilianguka.

Bibi ndiye aliyeanza. Kwanza mabega yake yalitikisika bila sauti, halafu akaweka kijiko chini, akalaza paji la uso juu ya kitambaa cha meza, pale pale karibu na tone la asali, akabaki hivyo kwa muda mrefu hata mama mdogo akanong'ona kwa hofu, "Mwanangu, umemwambia kuna msiba?" Mumewe alikuwa mwekundu kama bendera ya hatari. Dereva alikuwa amechuchumaa barazani, na kitu alichokuwa anakifanya sikukitambua mara moja kama kicheko, kwa kuwa kilikuwa kinasikika kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Hatimaye bibi aliinua uso, akajifuta machozi kwa leso, akavuta kiti, akaniomba nikae, na kwa upole ambao sitausahau, maana alikuwa na haki ya kunifokea, akanieleza kwamba kwao Marekani msemo ule una maana moja kuu. Ni kumtia mwanamke mimba, na aghalabu mimba ambayo hakuna aliyeipanga.

Wafuasi wangu, adhabu kubwa haikuwa kuelezwa. Adhabu ilikuwa kurudi nyuma. Nikiwa nimekaa kwenye kiti kile, uso ukitabasamu kwa sababu haukuwa na maelekezo mengine, akili yangu ilianza kuzipitia sentensi zangu moja moja tangu mwanzo, ikitoa maana ya kwanza na kupachika ya nne. Mimi binafsi, saa kumi na moja. Ni bure. Bila ubaguzi. Nikafika kwa mume, nikajisikia jasho la mgongoni. Nikafika kwa Wajerumani 11. Nikakumbuka kwamba nilimtaja mlinzi, baba wa watoto sita, mzee wa kanisa, kama msaidizi wangu. Nikafika kwenye mayai. Na nilipofika kwa mzee wa Kiingereza, tangu Jumatatu, kila asubuhi, bila kuchelewa, niligeuka kumtazama, naye alikuwa ameshaelewa, kwa kuwa alikuwa amejifunika uso kwa gazeti na gazeti lilikuwa linatetemeka.

Msidhani kwamba maofisa ugani walipona. Wao hawakuelewa Kiingereza chote, kwa hiyo walimfuata dereva barazani kuomba ufafanuzi, na dereva, badala ya kutafuta maneno ya staha, aliwatafsiria neno kwa neno: "Kamwambia atamgonga saa kumi na moja." Sasa sisi wenyewe tunajuana. Kiswahili kina kugonga mlango, kugonga muhuri, kugonga glasi. Nyoka humgonga mtu, na lori humgonga mbuzi pale Igawilo. Lakini kitenzi hicho kina kazi nyingine ambayo vijana wa stendi wamekipa, na msijifanye hamuijui, nawaona. Nimetafuta katika lugha zote mbili mahali pa kujificha na sikupata. Dhambi yangu ilivuka kutoka Kiingereza kuja Kiswahili bila kupoteza hata gramu moja, na dereva ndiye aliyeisafirisha.

Usiku sikulala. Nilijifunika blanketi mbili na kusoma kwenye simu hadi chaji ikakaribia kuisha, nikitaka kujua kama babu alidanganywa. Hakudanganywa. Waingereza wamekuwa wakiamshana kwa msemo huo kwa karne kadhaa, na huko nyuma walikuwa pia na maana nyingine, ya kuchoka hoi, kiasi kwamba katika karne ya 19 bibi wa heshima aliyetoka kutembea mbali angeweza kusema hadharani kwamba yuko "knocked up" na asiulizwe na mtu yeyote baba ni nani. Wamarekani nao walikuwa na maana yao ya mimba tangu karne hiyo hiyo ya 19. Kwa hiyo yule bwana wa shamba la chai alipokuwa akimwagiza babu kila jioni, maana ya nne ilikuwa ipo tayari ng'ambo ya bahari, imekaa, inanisubiri mimi.

Kilichoniuma zaidi ni kujua kwamba kuamsha watu ilikuwa kazi kamili ya mshahara. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, kama Manchester, na mashariki mwa London, kabla saa za kengele hazijawa za bei nafuu, kulikuwa na watu waliolipwa kila wiki kupita mitaani gizani na fimbo ndefu wakigonga madirisha ya ghorofani, ili wafanyakazi wasichelewe kiwandani au bandarini. Waliitwa kwa jina la msemo huo huo, na hakuna aliyewacheka. Katika miaka ya 1930 mwanamke mmoja wa London, Mary Smith, hakutumia hata fimbo. Alikuwa na mpira mwembamba kama bomba, akiweka punje ya njegere kavu mdomoni na kuipuliza hadi igonge kioo cha dirisha. Malipo yalikuwa peni sita kwa wiki. Nilitazama picha yake kwa muda mrefu, mama wa watu amesimama barabarani, ameinua bomba lake kuelekea juu. Hakusema neno lolote kwa mteja. Njegere ndizo zilizosema. Nami naishi Rungwe, sokoni njegere zimejaa, na sikuwahi kufikiria kwamba zingeweza kuniokoa.

Ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika mbili nilikuwa mbele ya mlango wa chumba namba 4, kwa sababu ahadi ni deni, hata ikishaeleweka vibaya. Baridi ilikuwa inauma masikio. Niliinua mkono, nikakunja ngumi, na ngumi ikakataa. Niliushusha. Niliinua tena. Nilifikiri kusema hodi, lakini nikaona nani anajua hodi ina maana gani huko Chicago. Niliwaza kumwita mlinzi, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshamtaja. Nimesimama hivyo, mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, mlango ukafunguliwa kwa ndani, na bibi akatokea amevaa koti na viatu vya mlimani, tochi mkononi. Alinitazama ngumi. Akaniambia kwa huzuni kubwa kwamba nimechelewa, wameshaamka wenyewe.

Yaliyofuata hayana uzito. Walikula mayai, nikawafungia na ndizi, dereva akawasha gari huku akikwepa macho yangu, Ngozi ilikuwa wazi bila ukungu, na nasikia Matema waliipenda. Mume aliniachia bahashishi na kunipa mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ningekuwa nimeshaanza kusahau, kama si kitabu cha wageni.

Bibi alikuwa amekijaza kabla ya kuondoka, kwa mwandiko mkubwa wa mviringo, kwamba alikuwa "knocked up at five sharp", kama alivyoahidiwa, na kwamba kwa umri wake huo ni muujiza. Mama mdogo alikisoma jana baada ya ibada ya jioni. Kiingereza chake kinatosha kutambua saa, ahadi na muujiza, na kwa Mmoraviani wa miaka 40 vitu hivyo vitatu vikikaa katika sentensi moja ni ushuhuda. Aliniita akaniuliza, "Mwanangu, hili neno la katikati maana yake nini?" Nikamwangalia mama yangu mdogo, aliyenilea, aliyenilipia ada, ambaye mbele yake sijawahi kulitaja hata jina la nguo ya ndani. Nikamjibu kwamba ni neno la kusifia huduma.

Asubuhi ya leo nimemkuta barazani na mchora mabango. Wameshapima ukuta wa mbele, ule unaoelekea barabara kuu ya Kyela, na rangi iliyochaguliwa ni nyekundu. Maneno ya bibi yatakaa chini ya jina la nyumba, kwa Kiingereza, ili watalii wayaone wakiwa bado mbali. Mchora mabango anatoza kwa herufi, na mama mdogo ameshalipa nusu.